Kabla ya Kununua Mazabodi, Pima Kasha

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, si lazima itupwe. Huenda kilichokufa ni mazabodi tu, ule ubao mkubwa unaounganisha vipuri vyote. Na huku kwetu Diani na Msambweni, hewa ya chumvi huula polepole. Kasha likiwa zima, ubao mpya waweza kuingia humo humo.

Lakini pima kabla ya kulipa. Ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Kompyuta nyingi za ofisi, zile za mtumba kutoka ng'ambo, zina ubao wa umbo la kampuni yake, na wa dukani hauingii. Pesa hapo huwa zimekwenda.

Chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Ndani mna vijiguzo vidogo vya chuma vinavyobeba ubao. Kila kimoja kiwe chini ya tundu la skrubu. Kilichobaki pasipo tundu kihamishe, kwani kikigusa mgongo wa ubao kitaleta shoti na kuuunguza siku hiyo hiyo. Skrubu zikaze taratibu. Hili si gurudumu la matatu.

Ubao wa zamani usiuchome na taka: huweza kuwa na risasi.