Nyota zikitoka mistari pichani, usilaumu kamera

Saa 4 usiku, mtoto bado yuko macho uani, anasubiri picha ya nyota kutoka kwenye darubini ya nyumbani. Picha inatoka, na kila nyota ni mstari mfupi. Baba anaanza kuulizia bei ya kamera mpya. Mzazi mwenzangu, ngoja kwanza: hiyo huenda ni ada ya shule.

Mara nyingi kosa liko kwenye stendi. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, hivyo mhimili wa stendi yenye mota lazima ulingane na mhimili wa dunia. Usipolingana, kamera ndogo ya kuongoza itahangaika kurekebisha usiku kucha. Hata ikiishika nyota yake, nyingine zitazunguka pembeni.

Maelekezo mengi husema tafuta Nyota ya Kaskazini. Hapa Tanga haionekani kamwe. Ncha yetu ya anga ni ya kusini, nayo iko nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno.

Fanya hivi. Kutoka Tanga, kibla ni karibu kaskazini kamili. Tofauti haifiki nyuzi 2. Ukiipa kibla mgongo, umetazama kusini. Elekeza mhimili huko, kisha uinue nyuzi 5. Stendi nyingine hazishuki kiasi hicho. Fupisha mguu wa upande wa kusini, ukiangalia isipinduke.

Sasa zima marekebisho ya kamera ya kuongoza. Chagua nyota iliyo karibu na utosi. Katikati ya Januari, saa 4 usiku, zile tatu za mshipi wa Orioni zinafaa sana. Itazame moja kwa dakika 5. Ikihama kwenda kaskazini au kusini, geuza stendi kidogo kushoto au kulia. Ikizidi kuhama, umekosea upande, rudisha. Kisha tazama nyota iliyochomoza mashariki. Safari hii pandisha au shusha mhimili. Rudia zote mbili mpaka zitulie.

Kazi hii haina gharama ila subira. Mpe mtoto saa, ahesabu dakika. Picha ikitoka na nyota za duara, atajua na yeye kaipiga.