Dainamomita: Mizani ya Nguvu za Gari

Je, wajua kwamba dainamomita, chombo kinachotegemewa kutoa ushahidi wa nguvu za gari, haipimi nguvu zenyewe? Ile ya aina ya breki hupima mambo mawili tu, nayo ni kani inayozungusha na kasi ya mzunguko. Nguvu hupatikana baadaye kwa hesabu, pale newtoni-mita zinapozidishwa kwa mizunguko ya dakika moja, na jawabu likagawanywa kwa 9,549 ili kuleta kilowati. Injini itoayo newtoni-mita 150 katika mizunguko 4,000 ina kilowati 63 hivi, yaani nguvu za farasi 84. Ikitoa kani ile ile katika mizunguko 2,000, nguvu zake ni nusu ya hizo.

Asili ya chombo hiki ni kongwe kuliko motokaa. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony aliubana mhimili wa mashine kwa vipande vya mbao vilivyofungwa wenzo wenye uzito, akapima jinsi msuguano ulivyoshindana na mashine. Lakini msuguano huzaa joto, na mashine ilipokuwa kubwa joto hilo likawa taabu. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude akabuni breki ya maji, ambamo maji hupinga mzunguko na papo hapo kulichukua joto lake. Siku hizi gari zima hupandishwa juu ya rola, na rola hizo aghalabu huzuiwa kwa sumaku ya umeme, pasipo chuma kugusa chuma.

Kabla ya gari kupimwa, mizani yenyewe hupimwa kwanza. Fundi huning'iniza uzito wa kilo 20 kwenye ncha ya mkono wenye urefu wa mita moja, na chombo hakina budi kusoma newtoni-mita 196. Kikisoma 200, kila gari litakalopanda siku hiyo litasifiwa kwa nguvu lisizokuwa nazo. Kisha gari hufungwa kwa mikanda imara, upepo wa tairi husawazishwa, feni huwekwa mbele ya rejeta, na injini huachwa ipate joto lake la kazi. Gia ichaguliwayo ni ile ambayo mhimili utokao kwenye giaboksi huzunguka sawa au karibu sawa na injini, ambayo katika magari mengi ni ya nne. Na kompyuta huelezwa uwiano wa mizunguko ya injini na kasi ya rola, kwa maana uwiano huo ukikosewa, kani ya injini nayo itakosewa.

Hali ya hewa nayo ina hukumu yake. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, ina mkandamizo wa hewa uliopungua karibu moja ya tano ukilinganishwa na Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu takriban kwa kadiri hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo kanuni iitwayo SAE J1349 huyarejesha matokeo kwenye hali moja, nayo ni joto la sentigredi 25 na hewa kavu yenye mkandamizo wa kilopaskali 99. Injini yenye turbo hujisindikia hewa yenyewe, hivyo kuitia katika hesabu ya injini isiyo nayo ni kuipa nguvu za karatasini.

Basi mwenye gari asistaajabu akiona tarakimu iliyo chini ya ile ya kiwandani, kwa kuwa giaboksi, difu na tairi hula sehemu yao kabla nguvu hazijafika kwenye rola. Wala asiikubali karatasi isiyotaja gia, joto, mkandamizo wa hewa na kanuni ya masahihisho. Akitaka kujua kama ukarabati umefaa, ithibati iliyo bora ni kupima kabla na baada, juu ya chombo kile kile na kwa mpangilio ule ule, kisha atazame tofauti.