Yeremia na Hanania kambini Dzaleka

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, na kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza. Ndiko utawala wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa nchi hiyo, ulikowafungia watu uliowaona wapinzani, hadi mfumo wa chama kimoja ulipoanguka. Mwaka 1994 mahali hapo pakageuzwa makazi ya wakimbizi. Pamepangwa kubeba watu 10,000 hadi 12,000; leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, na ndicho kinachosikika katika makanisa mengi ya kambi, kuanzia misa ya Kikatoliki hadi mikesha ya Kipentekoste inayomalizika alfajiri. Katika makanisa hayo yote husemwa kwamba tumtumaini Mungu katika taabu. Nadai kwamba chini ya maneno hayo kuna mahubiri mawili yasiyopatana, na kwamba yale yanayopendwa zaidi ndiyo yanayoivunja imani ya watu.

Kwanza taabu yenyewe, maana ukiizungumzia juujuu utaishia kutoa pole tupu. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa masharti: ilijiwekea mipaka juu ya haki ya mkimbizi kuajiriwa, kutembea atakako, kumiliki mali, kusoma shule za umma na kupata uraia. Tuitendee haki nchi hiyo. Katika miaka hiyohiyo ilikuwa ikiwapokea Wasumbiji waliokimbia vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifikia milioni moja hivi, katika taifa maskini ambalo lenyewe halikuzidi sana watu milioni 10. Sheria ikabaki hata baada ya Wasumbiji kurudi kwao. Hata hivyo maisha hayakusubiri sheria: wakimbizi wengi walifungua maduka Lilongwe, wakapanga nyumba, wakasomesha watoto. Mwaka 2021 serikali iliwaamuru warudi kambini. Baadhi yao wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Machi 2023, mwezi uleule ambao kimbunga Freddy kiliua mamia ya watu kusini mwa nchi, amri ikatolewa upya. Kuanzia Mei 17 polisi walipita Lilongwe wakikamata watu na kufunga maduka, na wengine, wakiwemo watoto, wakalazwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Mtu aliyekuwa na duka la rejareja akajikuta anasubiri mgawo, na mgawo wenyewe unakatwa kila wafadhili wanapopunguza michango.

Hali ya namna hii Biblia inaijua vizuri. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza aliwachukua mateka baadhi ya watu wa Yerusalemu akawapeleka Babeli. Miaka michache baadaye nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na umati, akatangaza kwamba Mungu amekwisha kuivunja nira ya Babeli na kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote watarudi nyumbani. Kukazia maneno yake aliitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa nabii Yeremia, aliyeivaa kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja hadharani. Naona jibu la Yeremia halipewi uzito unaostahili. Alianza kwa kusema Amina. Alitamani iwe hivyo. Hakuwa mtu wa kufurahia mateso ya wenzake. Ila alijua kwamba tarehe ile haikutoka kwa Mungu, na katika barua aliyowaandikia mateka aliwapa hesabu nyingine, miaka 70. Akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wautafutie amani mji waliopelekwa na wauombee, kwa kuwa amani yao wenyewe imefungamana na ya mji huo. Ukisoma haraka utaona Hanania ndiye mwenye imani na Yeremia ndiye aliyekata tamaa. Ndivyo walivyosikika hata siku ile.

Hanania wa leo hana haja ya nira. Anayo orodha ya majina na chupa ya mafuta, na unabii wake unahusu kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu: kabla mwaka haujaisha utapanda ndege, uone kwa macho ya rohoni Marekani, Kanada au Australia, na upande mbegu ya sadaka kuonyesha kwamba umeamini. Simlaumu anayesikiliza. Safari hizo zipo kweli, majirani wameondoka kweli, na hakuna anayeweza kumweleza mtu kwa nini kesi ya jirani ilikwenda mbele na yake ikalala. Palipo na siri kubwa namna hiyo, anayedai kuijua atapata wasikilizaji. Lakini Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu duniani kote waliokwisha kupewa tarehe ya safari wakaambiwa ndege imefutwa. Hapo ndipo mahubiri ya tarehe yanapoonyesha ubaya wake. Nabii ana njia mbili tu za kujitoa. Aseme Mungu amebadili mawazo, au aseme muumini hakuamini vya kutosha. Wengi huchagua ya pili, na mtu aliyekwisha kupoteza nchi, duka na safari anaongezewa hatia.

Atasema mtetezi wake: je, imani si kuamini jambo mahususi? Si tumeambiwa tuombe tutapewa? Ni swali zito, na halijibiwi kwa kuwacheka Wapentekoste, ambao mara nyingi ndio wanaofika kwanza penye msiba na mgonjwa. Jibu liko katika watu ambao Biblia yenyewe inawaweka mbele yetu. Vijana watatu wa Kiyahudi waliotishiwa tanuru la moto walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa na hakuondolewa. Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Fundisho linalodai kwamba ombi lisilojibiwa ni ushahidi wa imani haba linawatia hatiani hawa wote. Kuomba safari ni halali, kama Amina ya Yeremia ilivyokuwa halali. Kosa ni kumfunga Mungu kwa tarehe aliyoitunga mtu, kisha kukiita kifungo hicho imani.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine kabisa, na ndilo linalonishughulisha zaidi. Kama Hanania anawapa watu ndoto, je, Yeremia hawapi usingizi? Kumwambia mkimbizi ajenge na kupanda hapohapo alipobanwa ni kumsaidia aliyembana. Karl Marx alisema dini ni kasumba, na mtu yeyote aliyewahi kusikia mchungaji akifundisha kwamba kila serikali yatoka kwa Mungu, basi tunyamaze, anajua Marx hakuzungumzia hewa. Lakini historia ya Malawi yenyewe inatoa ushahidi wa kinyume, na ushahidi huo unaigusa Dzaleka moja kwa moja. Machi 8, 1992, katika parokia za Kikatoliki nchi nzima, ilisomwa barua ya kichungaji ya maaskofu wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre. Ilikuwa Kwaresima. Ilitaja umaskini, shule na hospitali zilizodhoofika, rushwa, na woga wa wananchi kusema wanachofikiri, mambo ambayo kwa karibu miaka 30 hakuna aliyethubutu kuyataja hadharani na kulala kwake. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa. Barua ikatangazwa kuwa ya uchochezi, na kukutwa nayo likawa kosa. Waumini waliendelea kuipitisha mkono kwa mkono. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Wanahistoria watataja sababu nyingine, na watakuwa na haki: vita baridi vilikwisha, wafadhili walizuia misaada, wanafunzi na wafanyakazi waliandamana, na Wapresbiteri nao waliingia. Sidai kwamba barua moja ilimwangusha Banda. Nadai kitu kidogo zaidi, ambacho kinatosha: watu walioisoma barua ile mimbarani hawakuwa na hakika yoyote ya kesho yao. Hakuna aliyewaahidi miaka miwili. Walimtumaini Mungu na kwa sababu hiyo wakasema kweli, huku wakijua ingeweza kuwafikisha gerezani. Kasumba haimfanyi mtu hivyo. Mateka walioambiwa wautafutie mji amani hawakuambiwa wauite uonevu amani, na mjane katika mfano wa Yesu alisifiwa kwa kumchosha hakimu dhalimu, siku baada ya siku, hadi akapata haki yake. Wakimbizi waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 walifanya kama yule mjane. Kanisa linalowaombea bila kuwatafutia wakili limesoma nusu ya mfano.

Lakini Babeli, mtu atakumbusha, mateka waliweza kujenga na kupanda, na Dzaleka ardhi si yao, kazi hairuhusiwi bila kibali, na kutoka kambini kunahitaji karatasi. Je, barua ya Yeremia haikuandikiwa watu wenye nafuu? Ndiyo, kwa sehemu. Hata hivyo Yeremia huyohuyo, akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi na Yerusalemu imezingirwa na jeshi, alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Alipima fedha, akaita mashahidi, akatia muhuri, akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Kibiashara ulikuwa ununuzi wa kichaa, kwani adui alikuwa ameikalia nchi. Kambini kuna mambo yanayofanana na hati ile. Mwaka 2006 Innocent Magambi, Mrundi aliyezaliwa ukimbizini, alianzisha shirika la Kikristo la There Is Hope, linalosomesha na kufundisha ufundi wakimbizi pamoja na wanakijiji wanaoizunguka kambi. Mwaka 2014 mshairi Mkongo Menes la Plume alianzisha Tamasha la Tumaini, na tangu hapo wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi wanakuja kambini kusikiliza muziki, wengine wakilala katika nyumba za wakimbizi. Watu wasioruhusiwa kwenda mjini wakaufanya mji uje kwao.

Je, wasioamini hawafanyi kazi kama hizo? Wanafanya, na vizuri. Tamasha lenyewe si la kanisa. Sitaki kumnyang'anya mtu sifa yake nikampa Mungu kwa nguvu. Imani inaongeza kitu kimoja ninachoweza kukitetea. Inampa mtu sababu ya kuanza kazi ambayo hesabu ya kawaida inaonyesha hataiona ikiisha, na kumzuia asiwadharau wengine pale inapoporomoka. Mwenye hesabu atatua mzigo siku fedha za wafadhili zinapokatika, na si kwa ubaya. Hesabu yake imekataa. Anayeamini kwamba shamba la Anathothi lina mwenyewe aliye mkubwa kuliko jeshi lililolikalia anaweza kukosea, lakini hakuna ubishi kwamba ataendelea kufundisha darasa lile Jumatatu.

Linabaki swali ambalo sina jibu lake, na ninamwogopa mwenye nalo. Kwa nini? Kwa nini mama aliyenusurika vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, apoteze mtoto Dzaleka? Marafiki wa Ayubu walikuwa na majibu, tena ya kidini, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura. Ayubu hakupewa maelezo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa mwisho wa kufariji, na bado imewekwa katika kitabu cha sala. Kwa hiyo Mkristo anayelalamika mbele za Mungu bado anasali, na mhubiri anayemkatiza msibani kwa kumwambia amshukuru Mungu kwa kila jambo anamziba mdomo pale ambapo Maandiko yameufungua. Nadhani hata wale walioacha kabisa kwenda kanisani kambini, na wapo, wengi wao hawakuchoshwa na Mungu asiyejibu. Walichoshwa na watu waliojibu kwa niaba yake.

Lilongwe nayo ina sehemu yake. Ni rahisi mtu ambaye hakuwa na mkopo wa kulipa Novemba 2023, kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, kumwambia mwenye duka Mmalawi awe na huruma. Malalamiko kwamba wageni wanawazidi wenyeji katika biashara ndogo si chuki tupu. Yanatoka kwa watu ambao nao wanabanwa. Lakini barua kwa mateka ilifungamanisha amani za pande mbili, na soko la Dzaleka, ambako wanakijiji wa Dowa hununua na kuuza kila siku, linaonyesha kwamba hilo lina hesabu yake hata kwa asiyesali. Sinodi na majimbo ambayo mwaka 1992 yaliona njaa ya Wamalawi na kuitaja mimbarani yana uzoefu, yana wanasheria miongoni mwa waumini wake, na yana njia ya kufika kwa wabunge. Yanaweza kuanza na jambo moja lililo wazi: mtoto aliyezaliwa Dzaleka na wazazi wakimbizi hapati uraia wa Malawi kwa kuzaliwa hapo, na waliozaliwa kambini mwaka ilipofunguliwa sasa wamevuka miaka 30 na wana watoto wao wenyewe. Hata kwa hesabu ya Yeremia, iliyoonekana ndefu mno, wamekwisha kukaa karibu nusu ya muda wa Babeli, na hakuna aliyewaambia mwaka wa 70 ni upi.