Wakata bodi, matairi makubwa yapate nafasi

ANAYEYAONA magari ya Iceland kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni ya kuchezea filamu. Toyota Hilux ile ile tuliyoizoea huku kwetu ikibeba ndizi na mafundi wa ujenzi, kule imekalia matairi ya inchi 38, mengine hata 44, na madigadi yake yametanuka kama masikio ya ndovu.

Si mapambo hayo. Takriban sehemu moja kwa kumi ya nchi hiyo imefunikwa na barafu, na theluji laini humeza gari kama tope la masika linavyomeza lori. Dawa waliyoigundua wenyeji ni kutoa upepo. Tairi ambalo barabarani lina psi 25 huachiwa psi 3 hivi likifika kwenye theluji. Hapo tairi hulala, likakanyaga eneo pana, na gari la zaidi ya tani mbili likapita juu badala ya kuzama. Vikosi vya uokoaji vya watu wa kujitolea huyategemea magari haya, hasa dhoruba inapoizuia helikopta kuruka.

Shida ni pa kuyaweka matairi hayo. Njia ya mkato, inayopendwa na vijana wengi hata katika gereji zetu, ni kuinua gari kwa springi ndefu au kwa vipande vinavyowekwa kati ya chesisi na bodi. Ikizidishwa, njia hiyo ni hatari. Uzito hupanda juu, na kona ambayo jana gari liliipita vizuri, leo linaweza kupinduka. Isitoshe, kuinua bodi hakuinui difu hata kidogo. Kinachoinua difu ni tairi, na hapo napo unapata nusu tu ya tofauti: ukitoka inchi 31 ukaenda 38, difu limepanda inchi tatu na nusu, basi.

Kwa hiyo fundi wa Iceland huinua kidogo na kukata sana. Kwanza hupandisha gurudumu moja juu ya kitu mpaka springi ijikunje yote, kisha huzungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Popote tairi linapogusa, hapo ndipo pa kukatwa. Mara nyingi ni nyuma ya gurudumu la mbele, karibu na sakafu anapokanyaga dereva, pale bodi inapofungwa kwenye chesisi. Penyewe si pa kuchezea. Bati hapo ni mbili, ya nje na ya ndani, na zikishakatwa lazima zichomelewe tena pamoja na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Fundi asiyefanya hivyo amemwachia mteja gari linalooza na lililopoteza nguvu zake kwenye ajali. Mwishoni hufungwa madigadi mapana ya faibaglasi, ili mawe na matope yasiwarukie wa nyuma.

Kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza huko Iceland mwaka 1990, imejipatia jina kwa kazi hii. Mwaka 2007 magari yake aina ya Hilux yalifika mahali ilipopimwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996, yakiwa na watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha Uingereza.

Baada ya bodi bado kuna kazi. Kwa tairi la inchi 38 badala ya 31, spidomita ikisoma kilomita 80 kwa saa, gari linakimbia 98. Injini nayo hulemewa, hivyo gia za difu hubadilishwa, kwa mfano kutoka 4.10 hadi 4.88. Breki zina mzigo mzito zaidi wa kusimamisha. Iceland, gari lililobadilishwa hivyo hukaguliwa upya kabla ya kuruhusiwa barabarani.

Jirani zetu wa Kenya wana Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989, ambapo magari yaliyokatwa na kuchomelewa hupita porini kutafuta vituo 13 kwa saa 10, na anayetumia umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Lakini kule porini mtu hushindana na mawe na makorongo. Anayetaka gari la namna hiyo la kupelekea watoto shule, amuulize fundi habari za breki kabla ya kuuliza bei ya matairi.