Mwili Nao Unasikia Woga

Tangu mwezi wa Oktoba 2014, wakati mauaji yalipoanza kuzunguka mji wa Beni, sisi watu wa huku tumejifunza kusikiliza usiku. Mbwa akibweka, unaamka. Moto ikipita saa nane ya usiku, unaamka. Mlango ukilia kidogo, moyo unapiga ngoma. Asubuhi unakwenda shambani, ao dukani, ao kwenye shimo la zahabu, na tayari umechoka mbele ya kuanza kazi. Kichwa kinauma. Mgongo umekaza. Tumbo linawaka. Unakasirikia watoto kwa jambo la bure. Unakunywa dawa ya malaria, kisha dawa ya minyoo, na nyuma ya juma moja yote inarudi.

Labda hauna malaria wala minyoo. Labda ni woga ambao umeingia katika mwili na kukaa humo.

Ndani yetu Mungu ameweka askari wa zamu. Ukiona hatari, vitezi viwili vilivyo juu ya figo vinamwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, sukari inakimbilia misuli, tumbo linasimamisha kazi yake ya kusaga chakula. Hii ni zawadi, sababu ndiyo inayokupa miguu ya kukimbia. Lakini askari huyu aliumbwa kwa kazi ya muda mfupi. Akikaa zamu miezi na miaka, anaanza kuharibu nyumba anayoilinda. Usingizi unakatika, shingo haitaki kulegea, mawazo yanakuwa mazito, na shindikizo la damu, ile watu wanaita tansio, linaweza kupanda.

Kuna wahubiri wanaosema kwamba Mkristo asiyepata usingizi amepungukiwa imani. Mimi ninawaomba wafungue 1 Wafalme 19. Elia alikuwa ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni, na bado maneno ya Yezebeli yalimkimbiza mpaka jangwani. Alikaa chini ya mti, akaomba afe. Je, malaika alimhubiria? Hapana. Alimgusa, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile. Kisha nabii akatembea kwa miguu mpaka mlima Horebu, siku 40. Nyuma ya chakula, usingizi na njia ndefu, hapo ndipo Mungu alipoanza kuzungumza naye juu ya mambo ya moyo. Angalia vizuri utaratibu huo, wewe unayekwenda kutembelea mgonjwa wa mawazo ukiwa na mashauri mengi mdomoni na mikono mitupu!

Sasa tuseme juu ya kijana. Yeye anatafuta usingizi katika lotoko, ao katika kile kichupa kidogo cha pombe kali kinachouzwa hata karibu na masomo. Ni kweli, pombe inalaza mtu upesi. Lakini inapoanza kuisha katika damu, usiku unavunjika katikati. Saa tisa yuko macho, koo limekauka, moyo unapiga, na woga uko palepale. Kesho yake anaongeza kipimo. Kwenye machimbo tunaona mwisho wake: franga za juma zima zinaishia siku ya posho, na usingizi haukupatikana.

Kitu kinachosaidia ni cha bei ndogo, na labda juu ya hiyo watu wanakizarau. Ni kutumia misuli ile ambayo woga umeikaza. Shirika la Afya Duniani linawaomba watu wazima wafanye mwendo wa nguvu kidogo, kama kutembea haraka, kwa dakika 150 hivi kila juma. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano. Watoto na vijana wanahitaji saa moja kila siku. Mtu anayetembea hivyo anapata usingizi mzuri zaidi, na mawazo yake yanapungua uzito. Mzee wa kanisa atanijibu kwa 1 Timotheo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Sawa, baba mzee, lakini kidogo si bure. Na Paulo aliyeandika hayo, wenzake walipopanda chombo kwenda Aso, yeye alichagua kwenda kwa miguu. Soma Matendo 20:13.

Lakini ninajua swali lingine linakuja. «Pasta, mimi niko nasukuma chukudu tangu asubuhi kwenye milima ya Butembo, na bado unaniambia nifanye mazoezi?» Hapana, ndugu yangu. Wewe mazoezi umekwisha kufanya. Wewe unahitaji maji, chakula chenye maharagi, na siku moja ya kupumzika katika juma, ile ambayo Mungu mwenyewe aliiagiza. Vilevile mama anayerudi na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso: yeye anahitaji mume wa kumsaidia kubeba, wala si somo la michezo. Na mchimbaji anayesaga mawe amwagie jiwe maji kwanza, sababu vumbi lile likiingia katika mapafu halitoki. Maneno ya kutembea ninawaambia sisi tunaokaa: mwenye duka, mwalimu, kijana wa moto anayeshinda juu ya kiti, na wachungaji pia, ambao wanapewa chai kila nyumba.

Si kila mahali mtu anaweza kutembea. Mtu wa Oicha hawezi kukimbia alfajiri peke yake njiani, na asijaribu. Aruke kamba ndani ya uwanja wa nyumba. Wavijana wacheze mpira mbele ya jua kushuka. Chorali inayocheza kwa nguvu dakika 40 inatoa jasho la kweli! Na usiku, woga ukikuamsha, vuta pumzi kwa pua polepole, kisha uitoe polepole zaidi, mara kumi hivi. Pumzi ndefu ya kutoka inamwambia yule askari ashushe silaha. Unaweza kuomba ukiwa unafanya hivyo.

Utasema kwamba desturi ni ngumu kubadilisha. Ndiyo, lakini sisi tumeibadilisha tayari, mbele ya macho ya dunia nzima. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, na ikatangazwa kuwa imeisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, 2287 walikufa. Mwanzoni wengi walikataa kusikia. Wageni walikuja na magari mengi. Kisha Beni na Butembo wakazuiwa kupiga kura pamoja na nchi yote mwezi wa Desemba 2018, na watu wakasema ugonjwa ni siasa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kuuguzia Katwa na Butembo vilishambuliwa. Amri haikugeuza mioyo.

Ni nini kilichogeuza? Wale waliopona walirudi, wakabeba watoto wachanga wa wagonjwa katika mikono yao. Mtu wa mtaa alisema na mtu wa mtaa wake. Na ndoo ya maji ilikuwa pale, mlangoni pa kanisa, pa duka, pa shule. Haungeweza kuingia bila kuiona. Tuliacha kupeana mikono, sisi tunaopenda kusalimiana hivi! Ebola iliporudi Butembo mwezi wa Februari 2021, na Beni mwezi wa Oktoba mwaka uleule, kila mara ilizimwa nyuma ya miezi michache.

Basi fanya vilevile. Usiseme «nitabadilika». Weka viatu vya kutembea karibu na mlango, kama ile ndoo. Funga jambo jipya kwenye jambo la zamani: ukitoka ibada ya asubuhi, usipande moto, rudi kwa miguu. Anza na dakika kumi. Tafuta mwenzako, sababu mtu peke yake anaacha siku ya mvua ya kwanza. Wamama wa kikundi cha sala wanaweza kutembea wakiomba, wawili wawili, mchana.

Na kuna mambo yanayopita nguvu ya kutembea. Nenda kwenye kituo cha afya wapime tansio. Ikifika 140 kwa 90 ao zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, fuata maneno ya muganga na punguza chumvi. Mtu aliyeona mauaji, na anayaona tena kila akifunga macho, anahitaji mtu aliyefundishwa kusikiliza maumivu ya namna hiyo. Uliza hospitalini ni nani. Na ndugu akisema kwamba heri afe, msimwache peke yake usiku ule. Mmoja alale naye nyumba moja. Ondoeni dawa ya shamba na kila kitu ambacho angeweza kujidhuru nacho, mpeni chakula, na kukipambazuka mmpeleke hospitalini, mmoja wenu akae naye mpaka aonane na daktari.