KIPIMO CHA GESI KATIKA BOMBA

Sisi wa Kamsamba twaona jinsi maji ya mto Momba yazungukavyo penye kona, na yatuliavyo mahali paliponyoka. Gesi nayo ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, nayo huuzwa kwa kipimo. Basi fundi hukitia kipimo penye bomba lililonyoka, mbali na kona, mshale wake ukielekea gesi iendako. Tena hupima msukumo na joto; maana gesi ni kama pamba guniani, ikishindiliwa huingia nyingi. Asipofanya hivyo, muuzaji au mnunuzi hupunjwa. Mwisho hupaka viungo maji ya sabuni: yakitoa mapovu, gesi yavuja, nayo huweza kulipuka.