Mawe ya Chokaa ya Songwe na Swali la Uhai

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, kuanzia mji wa mpakani wa Tunduma, kupitia mashamba ya kahawa ya Mbozi hadi bonde la Mto Songwe unaoelekea Ziwa Rukwa (ambao haupaswi kuchanganywa na Songwe mwingine, ule unaotenganisha Tanzania na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa), yapo mawe meupe na ya kijivu ambayo kwa mtumiaji wa kawaida yote ni mawe ya chokaa. Machoni hufanana, na unga wake ukidondoshewa asidi hutoa mapovu, ingawa baadhi hufanya hivyo kwa uvivu. Hata hivyo, mwanajiolojia anayeyakusanya juu ya meza moja huwa na mbele yake vitu visivyo na ukoo wa karibu, kwa kuwa jiwe moja limetoka katika moto wa chini kabisa ya nchi, la pili limeachwa na maji ya chemchemi, na la tatu, likiletwa kutoka pwani kwa ajili ya kulinganisha, limejengwa na viumbe hai.

Kinachoyaunganisha mawe hayo ni kaboneti, yaani jamii ya madini yanayopatikana pale kaboni na oksijeni zinaposhikamana na metali kama kalsiamu, magnesiamu au chuma. Kaboneti ya kalsiamu, ambayo katika umbo lake la kawaida zaidi huitwa kalsaiti, ndiyo inayofanya ganda la yai na nyumba ya konokono. Na kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe, si ajabu kuamini kwamba kila jiwe la chokaa lilikuwa kiumbe zamani. Matumbawe hayahitaji shahidi, kwa sababu vishimo ambamo wanyama wake waliishi huonekana bila hata hadubini. Tatizo huanza bara, mahali ambapo bahari haikufika na bado kaboneti imejaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni mlima wa Ngualla, wilayani Songwe, ambao siku hizi hutajwa zaidi kwa sababu ya madini adimu yanayotarajiwa kuchimbwa humo. Sehemu kubwa ya mwamba wake ni kaboneti, lakini ni kaboneti iliyopanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka, takriban miaka milioni 1,000 iliyopita, ikapenya katika miamba mikongwe zaidi na kugandia humo. Mwamba wa namna hii huitwa kabonataiti, na jina hilo hupewa mwambamoto ambao zaidi ya nusu yake ni madini ya kaboneti. Kilima cha Panda, upande wa Mbeya, ni cha jamii hiyohiyo, na kinajulikana kwa kuwa na niobiamu, metali inayoongezwa katika chuma cha pua na vyuma vingine vya nguvu.

Wazo la kaboneti iliyoyeyuka lilikataliwa na wanasayansi wengi kwa miaka mingi, na sababu yao ingeeleweka vizuri na mchoma chokaa yeyote. Jiwe la chokaa likitiwa tanurini haliyeyuki, bali joto linapokaribia nyuzi 900 hutoa hewa ukaa na kubaki chokaa hai. Basi, waliuliza, jiwe hilo lingewezaje kutiririka kama uji wa volkano? Mwaka 1921 W. C. Brøgger wa Norway alipoeleza kuwa kaboneti za eneo la Fen, nchini mwake, zilitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, N. L. Bowen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo, alimpinga miaka michache baadaye. Majibu yalikuja kwa njia mbili karibu wakati mmoja. Maabara zilionyesha kuwa chini ya mgandamizo hewa ukaa hushindwa kutoroka, na kwamba maji yakiwapo kaboneti huyeyuka kwa joto la chini kuliko ilivyodhaniwa. Na katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Tanganyika, mlima Ol Doinyo Lengai ulikuwa ukimwaga kitu hichohicho hadharani. Mwanajiolojia J. B. Dawson alieleza mwaka 1962 kwamba lava iliyoonekana katika kreta ya mlima huo mwaka 1960 ilikuwa ya kaboneti ya sodiamu: lava nyeusi, nyepesi kama tope, yenye joto la kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, ambayo baada ya muda mfupi hewani hugeuka nyeupe. Yapo mambo machache katika jiolojia ya dunia ambayo Tanzania imeyaamua kwa uwazi kiasi hicho.

Kabonataiti basi hutambuliwaje pale ambapo moto umezimika zamani? Kwanza ni kwa mkao wake, kwa kuwa mashapo ya ziwani au baharini hulala tabaka juu ya tabaka, ilhali kabonataiti hukata miamba iliyoitangulia, mara nyingi katika umbo la duara, na kuibadilisha miamba hiyo pembezoni kwa kemikali zake. Pili ni kwa vitu vidogo vilivyomo, kwani wingi wa niobiamu, strontiamu, bariamu na madini adimu si tabia ya chokaa ya baharini. Tatu ni kwa isotopu, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito tu. Kaboni ina aina mbili zisizooza, kaboni-12 na kaboni-13 iliyo nzito kidogo, na viumbe wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua huipokea ile nyepesi kwa urahisi zaidi. Kwa kipimo cha sehemu katika elfu, kinachoanzia kigezo cha kimataifa, chokaa ya baharini huwa karibu na sifuri, kabonataiti ambayo haijachakaa huwa kati ya −4 na −8 hivi, na mabaki ya viumbe wenyewe hushuka hadi karibu −25. Kwa Ngualla na Panda hukumu ni nyepesi: kaboneti yake haikujengwa na kiumbe chochote.

Ugumu wenyewe uko bondeni, kwenye chemchemi za majimoto za Songwe. Maji ya mvua huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hupata joto, hukutana na hewa ukaa inayopanda kutoka chini na kuyeyusha kalsiamu njiani. Yanapotokeza juu, mengine yakiwa na joto linalofikia nyuzi 80 hivi, gesi hutoka kama inavyotoka katika chupa ya soda iliyofunguliwa, na kalsiamu iliyokosa wa kuibeba hutuama. Jiwe linalozaliwa hapo huitwa travatini, na limejenga magenge makubwa ambayo watu wameyachimba kwa ajili ya chokaa na mawe ya ujenzi. Hadi hapo kiumbe hahitajiki, kama asivyohitajika kwa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji.

Lakini maji hayo hupoa yanapotiririka. Bakteria wanaoishi kwa mwanga, wanaoitwa sainobakteria, hushindwa kuishi pale joto linapopita nyuzi 73 hivi. Chini ya hapo hutandaza utando wa kijani na wa rangi ya chungwa juu ya jiwe, hufyonza hewa ukaa na hivyo kuharakisha kutuama kwa kalsaiti, na ute wao hunasa chembe zinazopita. Mkondo mmoja, kwa hiyo, unaweza kuanza kwa jiwe la kemia tupu na kuishia kwa jiwe ambalo uhai umeshiriki kulijenga, bila mpaka unaoonekana kati yake. Mwaka 1984 Henry Chafetz na Robert Folk walieleza kuwa maumbo fulani ndani ya travatini, yanayofanana na vichaka vidogo, yalijengwa na bakteria, na tangu hapo wengine wamekuwa wakiuliza kama fuwele peke yake haziwezi kuchipua vichaka kama hivyo. Isotopu nazo hazimalizi ubishi, maana gesi inapotoroka huondoka zaidi na kaboni-12, na jiwe linalobaki hubadilika kipimo bila kuguswa na uhai. Hata alama ya tete au jani ndani ya travatini huthibitisha tu kwamba mmea ulikuwapo, haithibitishi kwamba mmea ndio uliojenga jiwe. Mmea ulizikwa na kaboneti.

Swali hili huwa zito zaidi katika miamba mikongwe sana, ambayo imepashwa moto na kukunjwa hata utando wa bakteria ukapotea kabisa. Humo hutafutwa stromatolaiti, mawe yenye tabaka nyembamba zilizopandana kama kuba, yaliyopewa jina hilo na Ernst Kalkowsky mwaka 1908. Mwaka 1996 John Grotzinger na Daniel Rothman walionyesha kwa hesabu kuwa kutuama kwa madini na kwa chembe kunaweza kuzaa maumbo yaleyale bila kiumbe. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Isua, Greenland. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walitangaza kuona humo stromatolaiti zenye umri wa miaka bilioni 3.7, na miaka miwili baadaye Abigail Allwood na wenzake, walipotazama miamba hiyohiyo kwa pande zake zote tatu, waliona kuwa vilele vilivyodhaniwa kuwa stromatolaiti vilikuwa migongo mirefu iliyofuata mwelekeo ambao mwamba ulivutwa. Mkulima wa Mbozi angelielewa jambo hilo papo hapo: tuta la mahindi likikatwa kwa kukingama huonekana kama kilima kidogo chenye ncha, na ni mpaka mtu azunguke ubavuni ndipo aone kuwa ni tuta. Nutman na wenzake hawakukubali, na mjadala umeendelea.

Kanuni inayotumika katika mabishano hayo ni kali, na inastahili kuwa kali: anayedai uhai ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi, na hana budi kwanza kuonyesha kuwa joto, mgandamizo, maji na fuwele peke yake visingeweza kufanya alichokiona. Ushahidi wa aina moja hautoshi. Umbo, mkao, kemia na chembe za kaboni iliyobaki lazima vielekee upande mmoja. Vingi kati ya hivyo husomwa jiwe likiwa bado mahali pake, kwa sababu likishang'olewa na kupakiwa kwenye lori haliwezi tena kusema lilikuwa umbali gani kutoka jicho la chemchemi, wala upande wake upi ulitazama juu. Wachimbaji wa bonde la Songwe wanaombwa waache walau ukuta mmoja wa travatini usiokatwa karibu na chemchemi, wenye tabaka zake zote kutoka chini hadi juu, ili wanafunzi wa Tunduma, Vwawa na Mbeya wapate pa kusomea.